Kidonge Alichompa Mwenzake

Jirani zangu, nyumba yetu mnaipita kila siku. Ni ile yenye kamba za nguo uani na mvuke unaotoka dirishani. Sisi ni madobi. Asubuhi ninayowasimulia ilikuwa tulivu. Mama alikuwa ananyunyizia mashuka maji, mimi nakunja, na kaka yangu anapiga pasi shati la mwalimu huku akiimba vibaya.

"Punguza sauti," mama alimwambia. "Wateja watadhani tunachinja mbuzi."

"Huko niendako watalipa kunisikia, mama."

Alikuwa amepata kazi ya udobi katika hoteli ya nchi nyingine, na jioni ile ndiyo ilikuwa safari.

Kazi ya pasi huumiza mgongo, ninyi mnaona tu kola zilizonyooka. Kwa hiyo ukutani, juu ya meza ya kupigia pasi, tulitundika kopo la vidonge vikali vya maumivu. Kwetu vinauzwa dukani kama pipi, hakuna anayekuuliza cheti cha daktari. Aliyeumwa alichukua, na mwenzake akiumwa alimpa. Kwa sisi madobi, kumnyima mwenzio kidonge ni roho mbaya.

Mama akajaza vidonge kwenye kopo dogo, akalichomeka kati ya nguo za kaka.

"Huko si wana dawa zao, mama?" nilimuuliza.

"Wewe naye. Maumivu ni yale yale." Kisha akamgeukia kaka. "Usiwe mchoyo, mwanangu. Mwenzio akiumwa, mpe."

Kaka alifika salama. Alikuwa akipiga simu na kunichokoza: "Mdogo wangu, pasi za huku zina akili kukuzidi." Tulicheka. Halafu simu zikakatika.

Siku moja ikaita namba tusiyoijua. Alikuwa wakili aliyepewa kazi ya kumtetea kaka. Alitueleza taratibu, nami nikaweka sauti ya juu ili mama asikie. Mfanyakazi mwenzake kaka alizidiwa na mgongo kazini, na kaka akampa vidonge. Yule mtu akasinzia, akaanguka kando ya mashine. Msimamizi alipouliza amekula nini, kaka akalitoa kopo mwenyewe, bila wasiwasi, akidhani anasaidia.

"Sheria ya hapa inavihesabu vidonge hivyo kuwa dawa za kulevya," wakili alisema. "Kuwa navyo bila cheti ni kosa. Kumpa mtu mwingine ni kosa kubwa zaidi, hata kama hukuchukua senti."

"Lakini kwetu vinauzwa dukani, baba," mama alisema.

"Naelewa, mama. Hakimu wa huku hahukumu kwa sheria ya kwenu."

"Basi mwambie ni mimi niliyeviweka. Anifunge mimi."

"Nilishamwambia hakimu, mama. Sheria haiulizi nani aliviweka. Inauliza nani alivitoa."

Kaka amefungwa miaka saba.

Siku hizi anaruhusiwa kutupigia simu mara chache, kwa dakika chache tu. Kila mara anaomba kuongea na mama. Namnyooshea simu, naye anatikisa kichwa, mkono umeng'ang'ania pasi.

"Sema niko sokoni," ananong'ona.

Mara ya mwisho kaka alisema, "Najua yupo, nasikia mvuke. Mwambie simlaumu. Mwambie aliyeumwa alipona."

Nilimwambia mama vilevile, neno kwa neno. Aliendelea kupiga pasi shati lililokuwa limeshanyooka, akarudia, akarudia, hadi nikachomoa waya wa pasi ukutani.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu akivuka mpaka, sheria ya kwao haivuki naye. Jambo la kawaida hapa linaweza kuwa jela pale, na kusema "sikujua" hakumfungulii mtu mlango. Kabla mtoto wenu hajaondoka, ulizeni ubalozi wa nchi aendayo, ulizeni na waliowahi kuishi huko: dawa gani haziruhusiwi, nini hakibebwi, nini hakifanywi. Msione haya kuuliza. Na mnapomfungia mizigo, msimtilie kitu kwa mapenzi tu. Mama yangu alimpenda mwanawe sana, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomfungia lile kopo.