Siku Feruzi Ilipogeuka Kijani

"Shemeji, hebu lete huo mkono."

Jitu aliunyakua mkono wangu juu ya meza, akauvuta hadi kwenye mwanga wa dirisha. Dadu zikabingirika.

"Niache, utamwaga chai!"

"Chai itafutwa. Hii pete si ilikuwa ya bluu?"

Niliitazama. Kweli bwana. Feruzi, kile kito kidogo cha pete aliyonivisha mpenzi wangu Mtunzi miezi miwili nyuma, ilikuwa imeanza kuwa ya kijani upande mmoja, kama jani changa.

Jitu akapiga meza kwa kiganja. "Jamani! Muuguzi, fungua daftari la vito. Soma feruzi, soma kwa sauti!"

Nieleze kidogo. Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunakutana nyumbani kwa Mtunzi kucheza mchezo wa hadithi. Mtunzi anasimulia dunia aliyoibuni kichwani mwake, na sisi tunakuwa watu wa dunia hiyo. Mimi nilikuwa mbilikimo mtafuta vito. Muuguzi, ambaye kazini ni muuguzi kweli, mezani alikuwa mchawi. Jitu ni fundi wa majokofu, binamu yake Mtunzi, na mezani alikuwa jitu la milimani, jina likamganda hadi mtaani. Dadu ndizo zinazoamua nani anapona na nani anakufa. Na katika dunia ile, kila kito kina nguvu zake.

Muuguzi akakohoa, akasoma. "Feruzi. Hubaki bluu maadamu aliyekuvisha ana moyo mweupe kwako. Akikuficha jambo, hugeuka kijani."

"Umesikia?" Jitu alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. "Na Jumapili ya wiki ijayo wazee wetu wanakuja kwenu kukuposa! Shemeji, hapo pana jambo."

"Ni mafuta, Jitu."

"Kitabu hakisemi mafuta."

Nami nikacheka. Nimesoma miamba chuoni miaka minne, na kazi yangu ni kupima vito katika karakana ya shangazi yangu. Feruzi ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hunywa mafuta, hunywa jasho, hunywa sabuni, kisha rangi hugeuka. Mikono yangu hushinda kwenye mafuta ya gurudumu la kusugulia, sasa pete ingebakije bluu? Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Mtunzi habari hiyo. Yeye akaigeuza uchawi.

"Mwulize basi," alisema Muuguzi. "Mtumie ujumbe tuone atajiteteaje."

Mtunzi alikuwa ametoka kwenda kutoa kopi za ramani ya mapango. Nikaandika, huku Jitu ananichungulia begani:

"Pete imegeuka kijani. Unanificha nini wewe?"

Tukasubiri kichekesho. Mtunzi hakosi kichekesho.

Simu ikatetemeka. Jibu lilikuwa maneno mawili.

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyecheka. Jitu aliurudisha mkono wangu mezani polepole, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Simu ikatetemeka tena.

"Nakuja. Tafadhali usiseme kitu mbele ya watu."

Alirudi anahema, kopi kwapani. Aliniangalia mara moja tu, akakaa, akaanza kusimulia pango. Alisahau jina la joka aliyembuni mwenyewe. Tulipomaliza akanifuata mlangoni.

"Nikusindikize?"

"Leo nitakwenda mwenyewe."

"Umekasirika?"

"Nikasirikie nini?"

"Jumatatu nitakuja karakana. Nitakueleza yote."

"Njoo," nikasema.

Yote yapi? Sikuwa najua hata moja.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa amekaa jikoni anachambua mchele, miwani puani.

"Mpigie simu umuulize," alisema.

"Nikimuuliza, shangazi, atajibu ninachouliza. Nikinyamaza, atanipa alichonacho."

"Haya, mpima vito. Lakini mimi nina swali moja la kupimika: Jumapili ijayo nipike au nisipike?"

"Sijui."

Aliacha kuchambua. Nadhani hakutegemea jibu hilo, na mimi pia sikulitegemea.

Jioni Jitu akapiga.

"Shemeji, nimembana tangu asubuhi, hasemi. Nimemwuliza kama kuna mwanamke, akanirushia kiatu."

"Kiatu gani?"

"Kile chake kizuri, cha ngozi."

"Basi si mwanamke."

"Ndivyo nilivyosema na mimi! Mtu mwenye hatia angerusha ndala." Akashusha sauti. "Shemeji, usituache. Baba mkubwa ameshanunua shati la posa."

Kusema kweli, moyo wangu ulikuwa umekaa mahali pa ajabu. Hofu ilikuwepo, lakini iliyoizidi hofu ni hamu ya kujua. Nilimjua Mtunzi kwa vitu vidogo: anavyokunja mikono ya shati mara tatu kamili, anavyouliza maswali. Alikuja karakana mara ya kwanza akitaka kujua kitu kimoja tu: je, kuna jiwe linalofanya jambo la ajabu kweli, bila uchawi? Nikalipasha moto jiwe la turmalini juu ya taa, nikalisogeza kwenye majivu, majivu yakarukia jiwe. Aliruka kama mtoto. "Tena!" alisema. Nikamwonyesha tena. Mtu anayesema "tena" namna ile, anaweza kuficha nini?

Jumatatu alikuja na bahasha ya kaki. Shangazi alikuwa kwenye gurudumu, akajifanya hasikii.

"Nani alikuambia?" aliuliza kabla hata hajakaa.

"Hakuna aliyeniambia."

"Lakini ujumbe wako…"

"Ulikuwa mzaha, Mtunzi. Pete ilikunywa mafuta."

Alinitazama, akaitazama pete, akakaa kwenye kiti. "Mimi ndiye niliyeibuni ile sheria," alisema taratibu. "Na niliposoma ujumbe wako niliiamini."

"Nipe hiyo bahasha."

Ilikuwa barua kutoka kampuni inayochapisha michezo, pamoja na kurasa zilizopangwa tayari kwa mtambo wa kuchapia. *Kitabu cha Vito na Nguvu Zake.* Garneti inayovutwa na sumaku, inayomwongoza aliyepotea. Almasi isiyokwaruzika lakini hupasuka ikipigwa upande wake dhaifu, kwa hiyo shujaa mwenye almasi ana pigo moja tu linaloweza kumuua. Mambo yote yale niliyomwonyesha hapo hapo kwenye benchi, kwa koleo na lenzi. Juu ya jalada, jina moja: lake.

"Ni zuri," nikasema, na lilikuwa zuri kweli. "Kwa nini ulinificha?"

"Waliniuliza kama kuna mtu alinisaidia. Nikajibu hakuna."

Gurudumu la shangazi likasimama.

"Hakuna?"

"Tangu nimalize chuo nimeanza mambo saba, sijamaliza hata moja. Kila mtu nyumbani anajua hesabu hiyo. Nilitaka kimoja kiwe changu, chote. Kisha nikakupenda, na kila siku ikawa siku mbaya ya kukuambia."

Ningeweza kulisamehe hilo pale pale, nadhani. Jina ni jina. Lakini nilifungua ukurasa uliofuata, wa zumaridi, nikasoma:

*Ndani yake lina makovu, na bado watu huliita zuri. Humponya yeyote mwenye kovu.*

Mama yangu alipotoka kupasuliwa kifua, miaka sita iliyopita, nilimpelekea lenzi na zumaridi moja ya shangazi ili asahau maumivu. Ndani ya zumaridi huwa kuna mipasuko midogo, wenye kazi wanaiita bustani. Mama aliangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe na lenyewe lina makovu. Na bado watu wanaliita zuri." Hakuishi kuuona mwaka uliofuata. Maneno hayo nilimwambia mtu mmoja tu duniani.

"Haya ni ya mama."

"Najua."

"Nilikuambia wewe. Sikukiambia kitabu."

"Najua."

"Usiseme unajua! Ungejua usingeandika!"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma juu ya bega langu, na nilisikia pumzi yake inabadilika. Mama alikuwa wifi yake kipenzi.

"Waambie wazee wako wasubiri," nikasema.

"Hadi lini?"

"Mimi hupima mpaka nijue. Sijajua."

Aliondoka akiacha bahasha.

Siku tatu hazikuwa na ujumbe. Jitu peke yake aliandika: "Shemeji, baba mkubwa anauliza avae shati au asubiri." Sikujibu. Nilikuwa nakisoma kile kitabu. Nilikuwa natafuta kitu, sijui nini, labda mahali ambapo angekuwa mwongo kabisa ili iwe rahisi kumwacha. Sikupaona. Kila jiwe alilieleza kwa heshima, kama alivyoniangalia mikono siku ya turmalini. Hilo ndilo lililoniuma: mtu anaweza kuiba kwa upendo?

Alhamisi mchana aliingia karakana. Hakunisogelea. Alisimama mlangoni, karibu na ndoo ya maji ya gurudumu.

"Sijaja kuomba kitu," alisema. "Nimekuja kupiga simu. Nilitaka usikie, ili usije ukafikiri nilisema vingine."

Akaweka simu juu ya benchi, akafungua spika. Iliita mara nne. Akapokea mwanamke, mhariri wa kampuni.

"Ndiyo, kijana. Mtambo unaanza wiki ijayo, tupo tayari."

"Dada, kuna uongo katika kazi yangu. Niliwaambia sikusaidiwa. Nilifundishwa kila jiwe na mpima vito mmoja. Jina lake linatakiwa liwepo, kama atakubali. Na ukurasa wa zumaridi uondolewe. Maneno yale si yangu wala si yake ya kuuza. Ni ya mama yake, marehemu."

Mhariri akapumua.

"Unajua nikiondoa ukurasa sasa, mpangilio wote unavunjika? Kitabu kinatoka kwenye foleni ya mwaka huu. Na mwakani siahidi."

Nilikiona kidole cha Mtunzi kinagusa ukingo wa benchi, kinakwenda na kurudi.

"Uondoe," alisema.

"Una hakika? Ni kitabu chako cha kwanza."

"Uondoe, dada."

"Na huyo mpima vito amekubali jina lake liwepo?"

Mtunzi akaniangalia. Alikuwa hajui. Kweli kabisa, alikuwa hajui nitasema nini, na hakunifanyia hata ishara.

Nikainama kwenye simu. "Mimi ndiye. Ukurasa wa tisa mmeandika topazi haipasuki. Hupasuka. Rekebisheni hilo kwanza, ndipo tuongee habari ya majina."

Mhariri akacheka. Simu ilipokatika, shangazi alijipangusa mikono kwa aproni, akapita katikati yetu kwenda nje, na mlangoni akaniuliza bila kugeuka:

"Nipike?"

"Pika, shangazi. Lakini sijasema ndiyo bado."

Jumapili walikuja watano. Baba mkubwa katika shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado mgongoni. Jitu amevaa tai iliyomkaba. Mtunzi nyuma kabisa, amekunja mikono ya shati mara tatu. Walikaa sebuleni na baba yangu, wakazungumza mvua, wakazungumza barabara, wakazungumza afya za watu waliokwisha kufa. Hatimaye baba mkubwa akasema lililowaleta. Baba akaniita.

"Mwanangu, umewasikia wageni. Mimi siwezi kukujibia. Unasemaje?"

"Nina swali moja kwa mwenyewe, baba. Kama wazee wataniruhusu."

"Uliza."

Nikamgeukia. "Kuna lingine unalonificha?"

Nilitegemea aseme hapana, tuendelee. Mtunzi akasimama.

"Lipo," alisema.

Shangazi akaacha sinia hewani. Baba mkubwa akafumba macho.

"Sema," nikasema.

"Mbilikimo wako. Siku ya daraja, dadu nilizomtupia zilisema amekufa. Siku ya nyoka pia. Na siku ya mafuriko. Ninyi hamzioni dadu zangu, huwa nazificha nyuma ya ubao. Nilisoma namba za uongo. Nilishindwa kumuua."

Nilihisi damu inanipanda usoni. "Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kwa hiyo nimekuwa nikicheza kama maiti tangu mafuriko?"

"Ngoja kwanza!" Jitu alikuwa wima, tai imeelekea sikioni. "Mimi uliniua kwa homa! Homa tu, binamu! Damu yako mwenyewe! Nikaanza upya na jitu lisilo na hata fimbo!"

"Dadu zako zilisema…"

"Na za kwake zilisema nini?"

Baba yangu aliinua mkono. Alitutazama mmoja mmoja. "Samahanini wageni. Huyu mbilikimo ni mtoto wa nani?"

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akaliweka sinia chini lisianguke. Kisha baba mkubwa, bila kujua anacheka nini. Mimi nilijitahidi nibaki na hasira, nikashindwa, machozi yakanitoka kwa kucheka, na mengine nadhani hayakuwa ya kucheka. Mtunzi alikuwa bado amesimama, anasubiri, uso wake wazi kama wa mtu aliyemwaga kila kilichokuwa mfukoni.

"Jibu, mwanangu," alisema baba. "Chakula kinapoa."

"Nimekubali, baba," nikasema. "Lakini Jumamosi tunamzika mbilikimo. Na atakayesimulia mazishi ni mimi."