Mkia wa Mama Kuku

Kila siku akitoka shuleni Divine alifanya mambo matatu, na utaratibu wake haukubadilika. Alivua sare na kuitundika msumarini, alikula ugali wake kwa haraka mpaka mama yake akamwuliza ni nani anayemfukuza, kisha alikimbilia nyuma ya nyumba kupanga makopo.

Makopo yalikuwa kumi na saba, ya maziwa na ya nyanya, yamepangwa juu ya ubao kando ya ukuta. Ndani yake mlikuwa na bolti, nati na vyuma vidogo vidogo vya pikapu kuukuu ambayo baba yake, Bonaventure, alikuwa akiifufua uani kwao, mjini Baraka. Kila kopo lilikuwa na vyake, na aliyejua vyote bila kukosea ni Divine. Baba akiwa amelala chali chini ya gari alitoa mkono tu, bila kuangalia, akisema, "Ya mulango, ile fupi." Kabla hajafunga mdomo, bolti ilikuwa kiganjani mwake. Divine alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakujua raha nyingine duniani iliyoishinda ile ya kuweka kitu katika mkono ule.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Lilikaa miaka sita nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja kule Nundu, na kuku wa mtaa mzima walikuwa wamelifanya mahali pa kutagia. Siku lilipovutwa kwa kamba hadi Baraka, chini ya kiti alikutwa kuku mwekundu ameatamia mayai tisa, naye amekasirika kweli kweli kwa kusumbuliwa. Majirani walishika mbavu. "Papa Divine ameuza banda ya kuku!" walisema, maana kwao huko hata kununua ni kuuza, na baba wa Divine wote humwita hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Miezi minane Bonaventure alifanya kazi kila alasiri. Injini ilipokubali kuwaka, akaanza kulipamba gari. Vyuma vya kitanda kizee vilichomelewa vikawa reli za nyuma, viti vikavishwa kitenge cha mkewe, aliyeitwa Mama Georgette kwa jina lake mwenyewe, na raba zilizokwisha chini ya chasisi zikakatwa upya kutoka katika tairi bovu. Mwisho, gari zima likapigwa rangi ya buluu. Jumamosi moja iliyokwisha kupangwa lingepanda milima hadi Fizi kwa mara ya kwanza, likiwa na madumu ya mawese ya Mama Georgette na wenzake wa sokoni. Mbele palikuwa na nafasi ya baba, mama na mtoto mmoja. Hakuna aliyetaja mtoto gani, lakini Divine hakuona haja ya kuuliza.

Kisha akaja Nadège.

Nadège alikuwa binti wa mdogo wake Bonaventure, na alitoka Kilembwe kuja kukaa nao ili asome Baraka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana wa maneno machache. Aliosha vyombo bila kutumwa na alimsaidia Mama Georgette kujaza mawese kwenye chupa. Yote hayo Divine angeweza kuyavumilia, isipokuwa mambo mawili.

La kwanza lilikuwa mkono. Siku moja baba alikuwa chini ya gari, akatoa mkono na kusema, "Ya taa." Nadège, aliyesimama karibu, akachukua bolti katika kopo lile lile lililotakiwa na kumpa. Baba akaipokea akaendelea kufunga, wala hakugundua kwamba aliyempa hakuwa yule wa siku zote. Divine alibaki amesimama na bolti ya pili ya taa mkononi, moyo ukimchoma.

La pili lilikuwa jina. Baba alitaka jina la kuandika kwenye mlango wa nyuma, kama magari ya biashara yalivyo. Divine alifikiri wiki mbili nzima, akapendekeza "Nguvu ya Ziwa". Baba akasema, "Muzuri, tutaona." Nadège alikuwa akimtazama yule kuku mwekundu, ambaye mpaka leo hataki kulisahau gari lake.

"Papa Mukubwa," alisema taratibu, "tuiite Mama Kuku. Bantu banaicheka tayari. Basi shiye njo tuicheke ba kwanza." Alitaka wao wenyewe ndio wawe wa kwanza kulicheka.

Bonaventure alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya tairi. Alicheka akifuta machozi, akamwita mkewe aje asikie. Divine alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha baba yake namna ile, asikumbuke.

"Basi ni Mama Kuku," alisema baba. "Na Nadège njo atapaka. Ule mutoto iko na mukono ya kutulia."

Mkono wa kutulia! Divine alilala na maneno yale na kuamka nayo. Alijua kabisa kwamba alichokuwa nacho ni wivu, hakuhitaji mwalimu wa kumwambia. Aliona sasa hata Jumamosi ilivyokuwa inaponyoka: Nadège mbele, kati ya baba na mama, na yeye akibaki nyumbani kuchunga makopo.

Jumatano baada ya shule baba na Nadège waliuosha mlango wa nyuma kwa sabuni, kisha wakaupangusa kwa petroli.

"Mikono safi, mulango safi," baba alionya. "Mafuta kidogo tu, rangi inakataa kushika."

Kisha akaenda kutafuta tairi la akiba, na Nadège akaenda bombani kuchota maji kabla ya kuanza kazi. Mama alikuwa sokoni. Uani alibaki Divine na yule kuku.

Divine aliingia jikoni akachovya kitambaa katika mawese. Alikipitisha juu ya mlango wa gari, akafuta, akapitisha tena, akafuta mpaka mng'aro wote ukapotea na mtu asingeona kitu. Kitambaa akakitupa ndani ya jiko.

Nadège alipaka alasiri nzima, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Herufi zilisimama vizuri, za manjano, MAMA KUKU, na kando yake kuku mwekundu mwenye mkia wa kujivuna. Hata majirani waliokuwa wakicheka walikuja kuangalia na kusifu. Kwa muda Divine alidhani mawese hayakufanya kazi, na akakasirika kwamba hila yake imeshindwa.

Siku ya pili waliporudi kutoka shuleni walimkuta baba amesimama nyuma ya gari, mikono kiunoni. Herufi zilikuwa zimekunjamana, na mkia wa kuku ulining'inia. Aliugusa kwa kidole, ukatoka wote na kubaki kidoleni.

"Kuku imenyonyoka mbele hata ya kuchinjwa!" jirani alipiga kelele kutoka upande wa pili wa uzio.

Baba hakucheka. Alinusa kidole chake. "Mawese," alisema. "Nani alishika hapa na mawese?"

Divine alifungua mdomo, lakini Nadège alikuwa ameshatangulia. Alikuwa akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

"Papa Mukubwa, ni mi," alisema. "Jana mbele ya kupaka, nilijazia Mama Mukubwa machupa. Nilizani nilinawa muzuri. Unisamehe."

Jambo hilo Divine hakulifikiria hata kidogo. Alitaka rangi ikatae, basi. Hakutaka mtu ajitwike kosa lake.

Baba hakufoka, na afadhali angefoka. "Nilisema mambo ya mikono," alisema kwa uchovu. "Tunabaki na siku moja." Aliichukua brashi kwa Nadège, akaunyosha mkono upande wa Divine bila kuangalia, kama zamani. "Divine, kamata. Weye njo utarudilia."

Nafasi yake ndiyo hiyo, imerudi. Divine aliipokea brashi. Akauinamia mlango ulioharibika, akachovya, akasimama tu. Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi na kumwangukia mguuni.

Karibu na mlango wa jikoni Nadège alikuwa ameinamia beseni. Alinawa kwa sabuni, akanusa vidole. Alichukua majivu, akasugua, akasuuza, akanusa tena. Kisha akachukua jiwe la kusugulia miguu na kuanza kulipitisha viganjani. Divine alimwendea bila kujua atasema nini.

Nadège alimnyoshea mikono, myekundu na yenye maji. "Divine, nusa. Bado inanuka?"

Divine alinusa. Hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya sabuni. Aligeuka akakimbia mpaka kwa baba yake, brashi ikiwa bado mkononi, na alianza kulia kabla hajafika.

"Papa, haiko Nadège. Ni mi njo nilipakaa mawese pa mulango. Niliona wivu."

Bonaventure aliweka chini spana aliyokuwa nayo. "Wivu juu ya nini?"

"Juu alikupatia ile ya taa," alisema Divine huku akilia. "Na Papa haukuona kama haikukuwa mi."

Ilionekana baba alikuwa anaitafuta siku hiyo ya taa asiipate. "Enda kwanza kwa Nadège," alisema mwishowe. "Mi nitakungojea."

Ilikuwa hatua kumi tu, lakini Divine aliziona nyingi. Alimweleza Nadège yote: kitambaa, jiko, na maneno ya mkono wa kutulia. Nadège alisikiliza huku akijifuta kwa kanga.

"Nimenawa mara ine, Divine," alisema. "Ngozi inaniuma."

Hakusema kwamba si kitu. Kilikuwa ni kitu, na wote wawili walijua. Aliingia ndani akafunga mlango.

Baba alimtaka Divine auoshe mlango wa gari peke yake, kwa sabuni na petroli, na kuikwangua rangi yote ya jana. Alipodhani amemaliza, baba alileta kikombe cha maji akayamwaga juu ya bati. Sehemu nyingine maji yalitandaa vizuri. Chini, pembeni, yalijitenga yakawa matone matone na kukimbia.

"Ona," alisema baba. "Macho inakuambia ni safi, lakini maji inakataa. Wivu iko vile, mutoto wangu. Unaifuta mpaka unajidanganya imeisha. Haionekane. Halafu kila kitu kizuri unapaka juu yake, kinatoka. Siku ingine ukiisikia ndani, kuya uniambie ingali mbichi. Tutaiosha pamoja." Kisha akaongeza, "Na ile ya taa, mi nilikosa kuangalia. Ile kosa ni ya kwangu."

Nadège alitoka jioni ilipokaribia. Alichukua brashi, akampa Divine mkebe wa rangi aushike. Divine aliushika kwa mikono miwili na hakuusogeza mpaka mwisho. Rangi ya manjano ilitosha. Nyekundu ilikwisha kwenye mgongo wa kuku, na duka lilikuwa halina nyingine. Mama Kuku akabaki bila mkia.

Jumamosi asubuhi Nadège alikaa mbele. Baba alisema hivyo waziwazi, na Divine hakubisha. Yeye alipanda nyuma, akabanwa kati ya madumu, makopo yake yakiwa ndani ya sanduku juu ya magoti, akinusa mawese njia nzima ya milima mpaka Fizi. Wivu haukuwa umekwisha wote. Kila alipoona kisogo cha Nadège kupitia kioo, kitu kilimchoma kidogo. Lakini sasa alijua la kufanya nao.

Sokoni Fizi akina mama walilizunguka gari wakilipapasa. Mmoja aliyekuja kupokea madumu alicheka. "Lakini hii kuku, mukia iko wapi?"

Mama Georgette alikohoa. Nadège aliangalia chini. Divine alisimama juu ya gari, masikio yakiwaka.

"Ni mi njo nilimunyonyoa, Mama," alisema. "Kwa wivu."

Yule mama alikuwa anaendelea kucheka, lakini alipoona uso wa mtoto akaacha, akampapasa mguu. Nadège aliinua macho akamtazama Divine, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Madumu yaliposhushwa, bomba la moshi likaonekana limelegea kwa mitikisiko ya njia. Bonaventure alitandika gunia akajisukuma chini ya gari. Baada ya muda mkono ukatoka.

"Ya bomba, ile ndefu."

Nadège ndiye aliyekuwa karibu, na sanduku lilikuwa miguuni pake. Aliinama, akaangalia makopo, akamgeukia Divine.

"Ni kopo gani?"

"Ya nyanya. Ile ya kutu."

Nadège aliitoa bolti ndefu, akaipima kiganjani, kisha akamnyoshea Divine. "Peana weye. Ile mukono inajua ya kwako."

Divine alipiga magoti akaiweka bolti mkononi mwa baba yake. Mkono haukuondoka. Ulitulia, halafu chini ya gari kukasikika mtu anajisogeza, na kichwa cha Bonaventure kikachungulia, paji la uso likiwa na masizi. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kufunga kiganja.

"Aksanti, Divine," alisema. "Aksanti, Nadège. Leo nimeangalia."

Kisha akarudi chini kufunga bomba, maana njia ya kurudi Baraka bado ilikuwa ndefu.