Kifaransa cha Shangazi Lornah

Kila jioni baada ya kuosha vyombo, Elsie alikaa mezani kuandika barua za watu. Mtaa mzima wa Kaloleni, mjini Kisumu, uliusifu mwandiko wake, na watu wazima walimletea barua zao azinakili vizuri. Mwaka ule wa 1977, mteja wake mkubwa alikuwa shangazi yake, Lornah.

Lornah alikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka tisa, mpaka shirika lake likafungwa. Tangu hapo alishinda ndani, sare yake ikining'inia msumarini. Asipopata kazi kufikia mwisho wa mwezi, angerudi Port Victoria kwa nyanya yake Elsie kuanika samaki wadogo wa omena. Elsie alimpenda mno shangazi huyo, na habari hiyo ilimuuma.

Siku moja hoteli ya ufuoni ikatangaza kazi ya mapokezi, kwa mtu anayejua Kifaransa. Lornah akaandika wasifu wa mistari minne.

"Niongeze nini?" akasema. "Nilikuwa nagawa chai angani, basi."

Kifaransa alijua sentensi moja tu, ya kuwaomba abiria wafunge mikanda. Elsie aliponakili, kalamu ikateleza yenyewe: "Ninazungumza Kifaransa vizuri." Lakini kalamu haitelezi yenyewe, jamani, mkono wa Elsie ndio ulioisukuma. Shangazi akatia sahihi bila kusoma.

Jibu likaja: afike Ijumaa asubuhi. Shangazi akawa anaimba jikoni. Elsie naye akawa kama panya mtegoni. Akisema, shangazi atamchukia. Akinyamaza, shangazi ataaibika mbele ya watu. Ugali akauacha sahanini. Alisingizia tumbo, akanyweshwa mwarobaini.

Alhamisi, alipomwona shangazi akipiga pasi gauni lake zuri, alishindwa kuvumilia.

"Shangazi, niliandika kwamba unajua Kifaransa. Sikutaka uende Port Victoria."

"Wewe mtoto! Umeniingiza wapi?" Lornah alifoka. Kisha akaketi polepole. "Na mimi nilitia sahihi bila kusoma. Lete karatasi."

Safari hii Elsie aliuliza maswali kama hakimu. Hakuna aliyewahi kuzimia ndegeni? Wawili, na wote Lornah aliwahudumia. Je, dhoruba? Abiria themanini walipiga mayowe, naye akawatuliza. Na abiria wakali?

"Uliza ni siku gani hawakuwepo!"

Mistari minne ikawa kurasa mbili, wala hamkuwa na uongo hata chembe.

Ijumaa mchana Elsie alikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni.

"Nilimpa meneja, Bwana Muhidin, karatasi mpya kabla hajauliza lolote. Nikamwambia ile ya kwanza ina uongo. Alikunja uso. Kazi ya mapokezi nimekosa."

Elsie akaangua kilio.

"Ngoja, mama. Akasoma mpaka mwisho. Jumatatu naanza kusimamia wahudumu wa chumba cha kulia."

Elsie alimrukia shingoni. Shangazi akamshika mabega, akamtazama usoni.

"Wasifu ni mtu unayemtanguliza mlangoni, Elsie. Ukimtanguliza asiye wewe, ataitwa yeye, nawe utabaki nje ukitetemeka."

"Na ukipewa karatasi utie sahihi?"

Shangazi akacheka, akafuta machozi yake mwenyewe.

"Unaisoma kwanza, hata kama mwandishi ana mwandiko mzuri na anakupenda sana."