Mlango wa Ghala

Wanaomwita shangazi yangu mchawi hawajawahi kumwona akikata mlango wa saizi ya ukucha kwa wembe. Mimi nilimwona. Jumatatu asubuhi, jua limejaa chumbani, mimi namenya machungwa, yeye miwani iko kwenye ncha ya pua.

Mezani palikuwa na reli ya mfano aliyoiacha marehemu mumewe. Alikuwa mkuu wa stesheni, watu wakimwita Filimbi, na alipostaafu akaanza kuunda mtaa wetu kwa plastiki: stesheni, ghala la mizigo, na nyumba sita za wafanyakazi wa reli mstari mmoja. Ya sita ndiyo hiyo tuliyokaa. Alifariki kabla hajafungua milango, maana vijumba hivyo huja na milango iliyogandana na ukuta.

"Nyumba gani hizi, zimefungwa kama jela?" Shangazi alisema. "Nitazifungua zote."

Alitoboa pembe kwa sindano, akapitisha wembe, akautoa mlango, akaupiga msasa mpaka ukawa mwembamba. Kisha akaurudisha kwa bawaba ya kitambaa cha bluu alichokata kwenye sare ya mumewe. Kazi safi, ila aliruka hatua moja. Filimbi alikuwa na sharti lake: kabla hujafungua mlango, weka sakafu na ukuta mweusi ndani, usiache nyumba tupu. Shangazi aliona ni mbwembwe. "Nani atachungulia?" alisema.

Siku hiyo alimaliza nyumba ya kwanza. Kesho yake kinyozi wa mtaa, anayekaa nyumba ya kwanza yenyewe, aliamka akakuta mlango wake wazi. Na alikuwa amefunga komeo kwa ndani! Shangazi aliendelea, mlango mmoja kwa siku, na kila asubuhi nyumba iliyofuata ilikutwa wazi. Hakuna kilichoibwa. Ila kingo za milango zilikuwa zimepigwa msasa, na vyumba vilinuka gundi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba ya tano. Saa nne asubuhi majirani wakajaa kwetu, kinyozi mbele. Akaitazama meza, akahesabu milango mitano iliyo wazi.

"Choma huo uchafu," alisema. "Na kesho uhame. Hatuwezi kukaa na mchawi."

"Nihame? Thubutu! Miaka thelathini niko humu, nimezaa humu, nimefiwa humu. Mchawi gani anafanya kazi mchana, madirisha wazi?"

"Kesho. La sivyo tutakutoa sisi wenyewe."

Hawakuwa wanatania. Mwanamke mzee akishaitwa jina hilo, hapewi hata muda wa kufunga mizigo. Niliogopa, sitaficha.

Walipoondoka, Shangazi aliinamia meza, akagusa bawaba moja moja.

"Mwanangu, hebu ona. Bawaba nilizifunga mlango uingie ndani."

Yote mitano ilikuwa imefungukia nje. Vitambaa vimevutika, vimekunjwa kinyume.

"Imesukumwa kutoka ndani," alinong'ona. "Kuna kitu nimekiachia nyumba tupu, kikapanga humo. Kikimaliza moja kinahamia ya pili."

Iliyobaki ilikuwa ya sita. Yetu. Mlango wake alikuwa hajaugusa kwa wembe.

Kwaru. Kwaru.

Sauti ilitoka ndani ya kijumba cha sita. Nyuma yangu, komeo la mlango wetu likasogea. Kidogo. Likasogea tena.

"Tukimbie," nilinong'ona.

"Nikimbie kwangu? Ng'o!"

Alichukua karatasi ngumu nyeusi, akakata sakafu, akakata ukuta, akainua kijumba cha sita, akavipachika kwa chini. Akaweka na kiti cha njiti za kiberiti. "Hapa pana mwenyewe!" akasema kwa sauti. Komeo likatulia. Akafanya hivyo hivyo kwa vile vitano, mdomo ukitukana.

Halafu akavuta ghala la mezani. Ghala la kweli liko nyuma ya stesheni, halina kazi, mlango wake ulizibwa kwa matofali zamani. Akakata mlango kwenye ukuta wa lile dogo, ndani akaacha tupu.

"Unataka nyumba? Ile pale. Ingia!"

Mlango mdogo ukasogea. Hakuna mkono. Ukaingia ndani, taratibu, ukarudi. Shangazi akaubana kwa kidole, akazungusha gundi pembe zote. Niliona kidole kikisukumwa. Hakukitoa.

"Sukuma tu," alisema. "Mimi nimelea watoto wanne."

Jumapili hakuna mlango uliokutwa wazi. Majirani walikuja, kama walivyoahidi, lakini hawakutufikia. Tulipotoka tuliwakuta wamesimama wakilitazama ghala.

Kwenye ukuta wa matofali palikuwa na mlango. Mrefu kuliko mtu. Bawaba yake ni kitambaa cha bluu, kipana kama shuka, na pembeni gundi imekauka, nene kama mkono. Kinyozi alirudi nyuma mpaka akanikanyaga.

"Haya, nihamisheni," Shangazi alisema. "Nikiondoka, nani kati yenu ataushika huu?"

Wakaondoka mmoja mmoja. Sasa ni mwaka wa tatu, na kinyozi ndiye humwamkia wa kwanza.

Kila asubuhi Shangazi huenda pale na ufagio, maana chini ya mlango huwa pameangukia vumbi, laini, jipya. Wiki iliyopita nilikwenda naye, nikaweka sikio. Kwaru. Kwaru. Polepole, kama fundi asiye na haraka. Niligusa ubao kwa kidole, ukabonyea.

"Shangazi, mlango umebaki mwembamba."

"Najua." Alifagia vumbi lote, akainama, mdomo karibu na ubao. "Piga msasa mpaka uchoke. Gundi ninayo."

Msasa ukanyamaza. Kisha, upande wa pili, kitu kikacheka kwa sauti ya Shangazi.