Mlamawe Aingia Machimboni

Mlamawe alilitafuna jengo la ghorofa tatu kama muwa. Upande huu alimeza kuta kuukuu. Upande wa pili alitema mtaa mpya, nyumba na lami na taa zake.

Kifuani mwa mtambo huo, ndani ya kibanda cha usimamizi, Mhandisi Resiato Sankale alitazama kwenye kioo mtaa wa Machimboni, mtaa wa kwanza kabisa wa Kaunti ya Enkare. Zamani hapa palikuwa malisho. Wakaja wachonga mawe, wakalipasua bonde, na mawe yao yakajenga jiji la jirani. Jiji lilipofurika, watu walimiminika Enkare hadi twiga wa mwisho akahamishwa kwa lori. Sasa wachonga mawe nao walikuwa wameambiwa wapishe.

Hawakupisha. Waliziba barabara, wakiongozwa na Mama Wavinya, mzaliwa wa machimbo hayo.

"Katibu, kuna watu," Resiato alisema redioni.

"Mtambo una akili unde. Utawafukuza tu," akajibu Mutuku, Katibu wa Ardhi.

Jiwe la kwanza lilipasua jicho la Mlamawe. Akili unde ikaona mawe na watu kuwa kitu kimoja: kizuizi. Mkono wa chuma ukashuka. Mzee Kilonzo, mume wa Wavinya, alikuwa bado ameinua mikono ulipomfunika. Mayowe yakapaa. Mkono ukainuka, ukashuka tena.

"Simama!" Resiato alipiga kelele.

"Amri ya kusimama hutoka kwa Katibu pekee," mtambo ukajibu kwa upole.

"Katibu, mtambo unaua watu! Usimamishe!"

Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Resiato alinyakua spana, akateremka tumboni mwa mtambo na kuupiga mshipa wa mafuta hadi ukapasuka. Mafuta ya moto yakambabua mikono hadi viwikoni. Mlamawe akatetemeka, akapiga magoti.

Alipotoka, kijana mmoja alimkaba koo.

"Mwachilie," Wavinya alisema, leso yake imelowa damu ya mumewe. "Ndiye aliyemzima."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha utangoja. Na yule je?"

Ng'ambo ya bonde, Mlamawe wa pili alikuwa akija, vumbi likimtangulia.

Resiato alimnyoshea kidole mtambo huo. "Mlango uko chini ya tumbo. Lazima mtu aingie akapasue mshipa huku mtambo unatembea."

Wavinya alikaza leso kiunoni. "Nionyeshe."

Wakatangulia wawili, na mtaa mzima ukawafuata.