Chembe Ishirini kwenye Tundu la Leso

Pale Tabaka, kila kitu karibu na banda la wachongaji kilikuwa cheupe. Majani ya migomba yalikuwa meupe. Kope za watu zilikuwa nyeupe. Hata kuku wa Nyanchoka, aliyezaliwa mweusi ti, alikuwa amegeuka mweupe, na majirani walikuwa wamesahau rangi yake ya kwanza.

Lilikuwa vumbi la mawe. Wanaume wa banda hilo walichonga viboko, ndege na sahani kutoka kwa mawe laini ya machimbo. Wanawake waliyapiga msasa mpaka yakalainika. Zamani walipiga msasa ndani ya beseni la maji. Kisha wanunuzi wakawa wengi, na Mzee Ombui, mwenyekiti wa kikundi, akaona maji yanachelewesha kazi. Jiwe lililolowa hukaa siku nzima likikauka kabla ya kupakwa rangi. "Pigeni msasa mkavu," akasema. Tangu siku hiyo vumbi likawa bwana mkubwa.

Nyanchoka alikuwa mpiga msasa. Mumewe, Onyiego, alikuwa mchongaji katika banda hilohilo, na alikuwa anakohoa. Alianza kidogo kidogo. Sasa alipopanda kilima kurudi nyumbani, alipumzika mara tatu. Walikwenda hospitalini. Akapimwa kifua kikuu, hakuwa nacho.

"Ni vumbi," daktari alisema. "Ukiendelea kulivuta, mapafu yataharibika. Na mapafu hayana duka la spea."

Nyanchoka alirudi na maneno hayo kwa mwenyekiti. Ombui hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi tu, na ubishi wake ulikuwa mrefu kuliko machimbo. Alinunua leso moja, akaikata vipande, akampa kila mtu chake.

"Fungeni puani," akasema. "Vumbi imeisha."

"Mzee, hii leso haizuii," Nyanchoka akasema. "Vumbi inapita. Nimeiona kwa hadubini yangu."

Watu wakacheka. Kila mtu alijua habari za hadubini ya Nyanchoka. Aliinunua ikiwa imetumika, katika duka la Samsam mjini Kisii. Kila Jumapili aliiweka dirishani akatazama maji ya kisima, miguu ya siafu na majani ya chai. Wengine walimwita Mama Wadudu. Yeye hakujali hata kidogo.

"Ni kubwa kiasi gani hiyo vumbi yako?" Ombui akauliza.

"Ni ndogo sana."

"Ndogo sana si kipimo, mama. Hata mimi ni mdogo sana mbele ya kilima cha Manga."

Nyanchoka akaenda nyumbani na swali hilo. Jioni hiyo alipiga picha ya vumbi kwa simu, kupitia hadubini. Akaweka rula juu ya kioo cha simu. Chembe moja ilikuwa na milimita nane. Hadubini ilikuwa imeandikwa kwamba inakuza mara mia nne. Akagawanya nane kwa mia nne. Akapata jibu, akaliandika, akalala akiwa na furaha.

Asubuhi aliwaonyesha watu bandani. Bravin, kijana mmoja mchongaji, akaichukua simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili. Chembe ikawa na milimita kumi na sita.

"Haiya! Vumbi ya Mama Wadudu imekunywa uji!" akasema.

Banda zima lilivunjika mbavu. Onyiego aliinamisha kichwa kwa aibu. Ombui alifuta machozi ya kicheko, kisha uso wake ukakauka.

"Tumesikia. Mzigo unaondoka Ijumaa. Asiyetaka msasa mkavu, njia ya nyumbani anaijua."

Usiku wakila, Onyiego alimwambia mkewe, "Mama Mokeira, wacha hiyo maneno. Watatufukuza."

"Yaya, hapana. Siachi."

"Wamekucheka mbele ya watu wote."

"Wamecheka hesabu yangu. Hesabu ni kitu ya kurekebishwa. Kifua chako je?"

Onyiego alitaka kujibu, akakohoa. Kikohozi hicho kilimaliza mazungumzo.

Kesho yake Nyanchoka alikwenda Kisii na hadubini na vumbi kidogo ndani ya kikapu. Kabla ya kufungua duka lake, Samsam alikuwa amefanya kazi katika maabara ya hospitali kwa miaka mingi. Alisikiliza habari yote bila kucheka.

"Kosa lako ni moja, mama," akasema. "Ile mia nne ni ya jicho lako kwenye lenzi. Si ya simu. Ukishapiga picha na kuivuta, ile namba haina kazi tena. Usipime picha. Pima dirisha."

"Dirisha gani?"

"Ule mviringo wa mwanga unaouona ndani. Hilo ndilo dirisha lako. Ukijua upana wake, unajua ukubwa wa kila mgeni anayepita hapo. Lete rula. Ile ya plastiki, inayopitisha mwanga."

Samsam akaweka rula chini ya lenzi ndogo, iliyoandikwa 4. "Tazama. Hesabu milimita kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine."

"Moja, mbili, tatu, nne. Ni nne."

"Vizuri. Sasa tutageuza lenzi ya 40. Hiyo inakuza mara kumi zaidi ya ile ya 4. Kwa hiyo dirisha linakuwa dogo mara kumi. Nne ukigawanya kwa kumi ni ngapi?"

"Sehemu nne za kumi za milimita."

"Ndiyo. Lakini vitu vidogo vina kipimo chake, maikromita. Milimita moja ina maikromita elfu moja. Basi dirisha lako ni maikromita mia nne. Andika."

Nyanchoka akaandika. Kisha wakatoa rula, wakaweka vumbi la Tabaka kwenye kioo.

"Usihesabu dirisha lote, utachoka," Samsam akasema. "Chukua robo tu. Robo ni maikromita mia moja. Zile chembe ndogo, ngapi zinaweza kujipanga hapo?"

Nyanchoka alifumba jicho moja. Alihesabu, akapotea, akaanza upya.

"Kama ishirini."

"Mia moja ukigawanya kwa ishirini?"

"Tano." Nyanchoka akainua kichwa. "Maikromita tano!"

"Hapo sasa. Chembe iliyo chini ya kumi, pua haiikamati. Inashuka mpaka ndani ya mapafu, na nyingine hazitoki tena. Na usiazime namba za mtu. Kila hadubini ina dirisha lake. Pima lako."

Nyanchoka aliandika hiyo pia. Kisha akatoa mfukoni kile kipande cha leso cha Ombui, akakiweka chini ya lenzi. Tundu moja kati ya nyuzi lilichukua robo ya dirisha. Akaangua kicheko mpaka wateja wakageuka.

Alhamisi asubuhi aliweka hadubini katikati ya banda, juu ya jiwe ambalo halijachongwa.

"Sisemi kitu leo," akasema. "Mwenyekiti, hesabu mwenyewe."

Ombui hakutaka. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mwenyekiti haogopi rula. Akahesabu milimita. Nne. Nyanchoka akamwongoza hatua kwa hatua, kama Samsam alivyomwongoza yeye. Ombui akahesabu chembe kwenye robo ya dirisha. Ishirini. Kisha Nyanchoka akaweka kipande cha leso.

"Tundu la leso ni kubwa kiasi gani, mzee?"

Ombui alitazama tena. "Robo."

"Kwa hivyo kwenye tundu moja zinapita chembe ngapi, zikiwa zimeshikana mikono?"

"Ishirini," Ombui akasema polepole.

"Bravin, kuja uvute kwa vidole."

Bravin aliweka mikono mfukoni.

"Sawa," Ombui akasema. "Lakini mzigo wa kesho?"

Nyanchoka alikwenda kwenye kona ya banda. Alivuta beseni lake la zamani, akapuliza vumbi, akajaza maji, akaketi. "Mimi msasa mkavu sipigi tena. Mnunuzi angoje siku tatu. Kifua cha Baba Mokeira hakingoji. Ukinifukuza, natoka na beseni yangu na rula yangu."

Watu walitazama beseni, wakamtazama Ombui. Kisha Damaris, mpiga msasa mwenzake, akasimama akaleta beseni lake. Akafuata mwingine. Walipofika sita, Ombui alivua kofia, akakuna kichwa, akaenda mwenyewe kufungua mfereji wa maji.

Mzigo uliondoka Jumatatu. Mnunuzi alinung'unika, akalipa. Kikundi kilinunua barakoa za kweli za vumbi kwa wanaokata mawe kwa msumeno. Na kila jioni tope lilizolewa likiwa bichi, maana likikauka hurudi kuwa vumbi.

Mvua ziliponyesha, migomba ikarudi kijani. Kuku wa Nyanchoka akawa mweusi tena, na jirani mmoja akadai ni kuku mgeni. Kikohozi cha Onyiego hakikuisha chote. Daktari alisema kilichoharibika hakirudi, lakini hakijazidi. Sasa akipanda kilima anapumzika mara moja tu.

Siku moja mwanamke wa banda lingine alipita akiwa amefunga leso puani, mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Ombui alimwona kwanza.

"Mama, simama hapo! Nani amekudanganya na hiyo leso?" Akageuka, akaita kwa sauti ya mtu aliyejua jambo hilo tangu kuzaliwa. "Nyanchoka! Lete rula!"