Kopo la Mikasi

Mama mmoja, fundi cherehani, hakuvumilia fujo hata chembe. Kila Jumamosi yeye na bintiye, aliyeitwa Kidoti, walipanga vifaa vya mtoto vya kuchorea: penseli za rangi kwenye bati la biskuti, brashi kwenye chupa, shanga kwenye kisanduku.

"Kila kitu na nyumba yake," mama alisema.

"Na nyumba yake," Kidoti aliitikia.

Mikasi tu ndiyo ilikosa nyumba. Mama akachukua kopo aliloacha marehemu mama mkwe, limefungwa mdomo kwa uzi mweusi. Akakata uzi, akamwaga majivu yaliyokuwemo kwenye sinki, akalisugua kwa sabuni. Mtu akishapandwa na wazimu wa usafi, umwambie nini?

Alipotia mikasi, kopo likaitapika. Akacheka, akairudisha. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Safari hii mikasi ilipaa, mmoja ukamchana mama shavu hadi fizi zikaonekana, mwingine ukakipigilia kiganja cha baba mlangoni alipokuja mbio, na mama, mdomo umejaa damu, akamsukuma Kidoti chini ya meza na kumkinga kwa mgongo wake, maana hofu yake ilikuwa moja tu, mtoto asiguswe.

"Nani yumo humu?" baba alinong'ona.

Ukuta ukajibu, "Nyumba yangu mmeitia chuma."

Jirani akamleta mganga. Kabla hajaketi, mkasi ulimkata sikio. Mzee wa watu akasoma dua zake huku damu ikimlowesha kanzu, akalishika kopo tupu mpaka likaacha kutetemeka, akalifunga kwa uzi. Mikasi yote ikaanguka.

"Ameingia?" mama aliuliza.

"Kumetulia. Ameingia."

Mama akalia kwa furaha, akainama chini ya meza. Kidoti alikuwa akipanga penseli zake, hana hata mkwaruzo.

"Hayumo humo, mama," alisema taratibu. "Kopo linanuka sabuni. Hakulitaka."

"Sasa yuko wapi, mwanangu?"

Mtoto akatabasamu, na harufu ya nywele zilizoungua ikamtoka kinywani. Akaokota mkasi, akauelekeza kwenye shingo yake mwenyewe.

"Kila kitu na nyumba yake," ilisema sauti nzito kwa midomo ya Kidoti. "Itikia."

Mama aliutazama mkasi ukianza kuzama shingoni.

"Na nyumba yake," aliitikia.